Kabla ya Kuchagua Programu ya Vitufe, Tafuta Tatizo Linakaa Wapi

Andika neno "kwa" kwa kasi yako ya kawaida kwenye kibodi iliyopangwa kwa mtindo unaosifiwa sana na wapenzi wa Linux, ule wa kuzipa herufi za mstari wa katikati kazi ya pili ya Ctrl, Alt na Shift pale zinaposhikiliwa. Kuna uwezekano mkubwa ukurasa uliokuwa ukiusoma kwenye kivinjari utafungika mbele ya macho yako. Katika mpangilio huo, jinsi unavyotumiwa na wengi, kitufe cha K kikigongwa kinatoa k, kikishikiliwa kinakuwa Ctrl. Mtu mwenye mkono mwepesi huwa hajanyanyua kidole cha K wakati kidole cha W kimeshashuka. Programu inaona K iko chini na W imeingia, basi inaamua kwamba mwenye kompyuta ametaka Ctrl+W, na Ctrl+W ndiyo amri ya kufunga ukurasa. Anayeandika Kiingereza anaweza kumaliza kurasa nzima bila k kufuatwa na w. Sisi hatumalizi sentensi mbili bila kwa, kwenye, kwamba, kwanza au kwake.

Miongozo mingi ya kubadili vitufe imeandikwa na watu wanaoandika Kiingereza na msimbo wa programu, na mapendekezo yake yanapimwa kwa vidole vyao. Ukiichukua ilivyo, unaweza kufunga programu nzuri kabisa na bado ukaishia kuichukia. Kwa hiyo anayeniuliza programu ipi ni bora, keyd, kanata, KMonad, xremap, input-remapper au Interception Tools, namrudishia swali: unataka kitufe gani kifanye nini, na unaandika nini kwa siku? Zote hizo ni programu huria, na kila moja ina watu inaowafaa. Lakini wengi wanaozifunga hawakuzihitaji. Shida yao ilikuwa na dawa ndani ya mfumo tangu siku walipoweka Linux, na badala ya kuitumia wameingiza programu inayosoma kila wanachoandika, nywila zikiwemo.

Ili kujua dawa iko wapi, ni lazima kufuata safari ya kitufe. Kibodi yenyewe haijui herufi. Ukibonyeza Caps Lock kwenye laptopu, kinachotoka ni namba ya swichi, 3a kwa hesabu ya heksadesimali. Kerneli ya Linux inaibadili namba hiyo kuwa msimbo wake, 58, wenye jina KEY_CAPSLOCK, na kuutoa kupitia faili maalumu zilizo ndani ya /dev/input. Maktaba ya libinput inauchukua na kuukabidhi kwa msimamizi wa madirisha, yaani GNOME, KDE au mwingine. Baada ya hapo mfumo wa XKB unaangalia mpangilio wa lugha uliouchagua na kuamua kama msimbo huo ni herufi, alama au amri. Unaweza kuingilia chini kabisa, namba inapobadilishwa kuwa msimbo. Unaweza kuingilia katikati, kati ya /dev/input na libinput. Unaweza kuingilia juu, kwenye XKB. Ugumu na hatari vinatofautiana sana kati ya sehemu hizo tatu, na ndiyo maana jina la programu huja mwisho.

Tuanze juu, kwa kuwa huko ndiko matatizo mengi yanakokaa. Soko letu limejaa laptopu za mtumba kutoka Uingereza. Mtu anaweka Linux, anachagua kibodi ya Marekani kwa mazoea, kisha anashangaa kwamba Shift na 2 inampa @ wakati kitufe kimechorwa alama ya kunukuu. Hapo hakuna cha kufunga. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi, chagua Kiingereza cha Uingereza, na vitufe vitafuata michoro yake. Orodha hiyo hiyo ina pia Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania, kila kimoja kwa jina lake.

Lipo tatizo jingine la tabaka hili linalowasumbua hasa wanaoandika Kiswahili pamoja na Kifaransa, Bujumbura, Goma au Lubumbashi, kwenye kibodi ya Kimarekani. Ili kupata é, mtu anachagua mpangilio wa kimataifa wenye vitufe vinavyosubiri: ukibonyeza ritifaa hakitokei chochote, inasubiri herufi inayofuata iipandie kichwani. Akiandika Kifaransa mambo ni shwari. Akirudi kwenye Kiswahili, ng'ombe anakuwa ngómbe, ng'ambo inakuwa ngámbo, na ng'ang'ania haisomeki kabisa. Nimekutana na maandishi ya kazi yaliyojaa ó na á za namna hii, na waandishi wake wakiamini kompyuta imeingia virusi. Dawa ni kuchagua mpangilio wa jirani kwenye orodha ile ile, ule wa kimataifa ambao alama zinazosubiri zimehamishiwa nyuma ya AltGr. Hapo ritifaa inatoka mara moja kama ritifaa, na é inapatikana kwa kutanguliza AltGr na ritifaa kisha e. Programu zinazokaa katikati ya njia haziwezi kulitatua hili vizuri, kwa sababu zinashughulika na misimbo ya vitufe na hazijui XKB itaifasiri vipi baadaye.

XKB ina pia machaguo madogo yaliyoandaliwa tayari. Caps Lock iwe Ctrl, Caps Lock iwe Esc, Ctrl na Caps Lock zibadilishane, Alt ya kulia iwe kitufe cha kuunganisha alama: yote yapo. KDE inayaonyesha ndani ya mipangilio yake ya kibodi. GNOME imeyaficha kwenye programu ya Tweaks, lakini mstari mmoja kwenye terminali unatosha:

gsettings set org.gnome.desktop.input-sources xkb-options "['ctrl:nocaps']"

Ukiandika caps:escape mahali pa ctrl:nocaps, unapata Esc. Kama haja yako inaishia hapa, umemaliza. Huna programu ya kusasisha wala haki za msimamizi ulizozitoa kwa mtu.

Chini kabisa ya njia kuna hifadhidata ya vifaa, hwdb, inayokuja na systemd. Watu wachache wanaitaja, nami naithamini kuliko zote kwa kazi moja: laptopu yenye kitufe kilichokufa. Chukua laptopu ya Kiingereza cha Uingereza ambayo A yake imekufa. Kati ya Shift ya kushoto na Z, laptopu hizo zina kitufe cha ziada chenye mkwaju wa kinyume, ambacho mwandishi wa kawaida hakigusi mwaka mzima. Namba yake ya swichi ni 56. Tengeneza faili /etc/udev/hwdb.d/90-kibodi.hwdb na uandike:

evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_56=a

Nafasi iliyo mwanzoni mwa mstari wa pili ni ya lazima. Ukiiacha, mstari hausomwi. Kisha endesha systemd-hwdb update na udevadm trigger, zote kwa haki za msimamizi. Kuanzia hapo kitufe kile ni A kwa kerneli yenyewe. Kinaandika A kwenye ukurasa wa kuingilia, kwenye terminali isiyo na madirisha, na kwa mtumiaji mwingine yeyote wa mashine hiyo. Hakuna kinachoendelea kukimbia nyuma, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuanguka. Na kama shida ni kitufe kilichonasa kinachojituma chenyewe bila kuguswa, ipe namba yake thamani reserved na kitapuuzwa. Kwa hatua hiyo, kompyuta iliyokuwa ielekee kwenye vipuri inaendelea kutumika wakati mwenyewe akitafuta pesa ya kibodi mpya.

Mipaka ya njia hizi mbili ni wazi. Zinabadili kitufe kimoja kuwa kingine, basi. Haziwezi kukipa kitufe tabia mbili kulingana na muda ulivyokishikilia, hazikupi kirahisi tabaka la pili ambamo H, J, K na L zinakuwa mishale, wala hazijui uko kwenye kivinjari au kwenye lahajedwali. Ukitaka kimojawapo cha hivyo, ndipo programu inahitajika kweli.

Zamani kazi hiyo ilifanywa juu, ndani ya X11, mfumo wa madirisha uliotoka mwaka 1987. Programu yoyote iliyounganishwa na X11 iliweza kusikia vitufe vinavyobonyezwa kwenye programu nyingine na hata kuvituma kwa niaba yako. Ndiyo hali iliyoziwezesha programu kama xcape na AutoKey kufanya kazi yake, na ndiyo hali hiyo hiyo iliyomwezesha mwizi wa nywila. Kristian Høgsberg alipoanzisha Wayland mwaka 2008, mlango huo haukujengwa: kila programu inapewa vitufe vyake tu. Fedora 25 iliifanya Wayland kuwa chaguo la kwanza kwenye GNOME mwaka 2016, na GNOME 49 ya mwaka 2025 ikazima kikao cha X11 katika hali yake ya kawaida. Kwa hiyo ushauri wowote unaokutaka uandike faili ya xmodmap au ufunge xcape ni wa zama zilizopita. Hata kwenye X11 yenyewe xmodmap ilikuwa ikipoteza mabadiliko pale unapochomeka kibodi nyingine. Usianze nayo leo.

Programu za sasa zimeshuka chini ya madirisha. Zinafungua faili ya kibodi ndani ya /dev/input, zinaiomba kerneli izipe kifaa hicho peke yake, kisha zinatengeneza kibodi bandia kupitia uinput na kutuma huko vitufe vilivyobadilishwa. GNOME na KDE zinaiona kibodi bandia tu. Faida yake ni kwamba inafanya kazi popote, Wayland, X11 au terminali tupu. Lakini programu hiyo sasa imekaa kati yako na kila unachoandika, na ikianguka vibaya unaweza kubaki na kompyuta isiyosikia kibodi.

Hapa kuna kosa la usalama ninaloliona likisambazwa kwa nia njema. Baadhi ya maelekezo yanakuambia ujiongeze kwenye kundi la input ili programu iweze kukimbia kwa jina lako bila haki za msimamizi. Inaonekana ni uangalifu, lakini ukishaingia kwenye kundi hilo, programu yoyote unayoiendesha wewe, hata ile ndogo uliyoipakua jana, inaweza kusoma kila kibodi ya mashine hiyo. Kinga yote ambayo Wayland ilijengwa ili kukupa umeiondoa kwa amri moja. Afadhali programu moja inayojulikana ikimbie kama huduma ya mfumo, au chini ya mtumiaji maalumu aliyetengwa kwa kazi hiyo tu, kuliko kufungulia kila kitu. Na ipate kutoka kwenye hazina ya distro yako inapowezekana. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana data ambayo karibu kila Linux inaitegemea. Kilichomshtua ni ucheleweshaji wa kama nusu sekunde kwenye kuingia kwa SSH. Hazina za distro hazina kinga kamili, lakini zina watu wanaoangalia na njia ya haraka ya kurudisha toleo salama. Faili iliyopakuliwa ovyo haina.

Baada ya hayo, kwa mtu wa kawaida mwenye haja ya kweli, chaguo langu ni keyd ya Raheman Vaiya. Imeandikwa kwa C, ni ndogo, inakimbia kama huduma ya mfumo tangu kompyuta inapowaka, na faili yake ya mipangilio inasomeka na mtu asiye mtaalamu wa programu. Hii hapa faili nzima ya /etc/keyd/default.conf kwa mtu anayetaka Caps Lock itoe Esc ikigongwa na iwe Ctrl ikishikiliwa:

[ids]
*

[main]
capslock = overload(control, esc)

Mistari miwili ya kwanza inasema mabadiliko yahusu kibodi zote. Ukihariri faili, unaendesha keyd reload na mabadiliko yanaanza papo hapo. Hujui kitufe fulani kinaitwaje? Amri ya keyd monitor itakuonyesha jina lake ukikibonyeza. Na ukijifungia nje kwa mpangilio mbovu, bonyeza Backspace, Escape na Enter kwa pamoja: keyd inajiua na kibodi inarudi ilivyokuwa. Jaribu mchanganyiko huo siku ya kwanza, kabla hujauhitaji, vidole viujue.

Kuna usumbufu mmoja ambao karibu kila mwenye laptopu atakutana nao, na wengi hawajui umetoka wapi. Kwa kawaida libinput huzima tachipadi kwa muda mfupi unapoandika ili kiganja kisisogeze mshale. Inafanya hivyo kwa kibodi ya ndani ya laptopu. keyd ikishaishika kibodi hiyo na kutoa ya bandia, libinput inadhani unaandika kwenye kibodi ya nje na kuiacha tachipadi wazi. Ghafla mshale unaruka katikati ya aya na maneno yanaingia mahali pasipo pake. Unaiambia libinput ukweli kwa faili ya /etc/libinput/local-overrides.quirks:

[Kibodi ya keyd]
MatchUdevType=keyboard
MatchName=keyd virtual keyboard
AttrKeyboardIntegration=internal

Toka na uingie tena, na tachipadi itatulia. Tatizo hili linaweza kuzikuta programu zote zinazotengeneza kibodi bandia, ila jina la kifaa ndilo litakalobadilika.

Sasa turudi kwenye vitufe vyenye kazi mbili, kwa kuwa hapa ndipo chaguo la programu linapoamuliwa na lugha unayoiandika. Amri ya overload niliyoitumia kwa Caps Lock inaamua mapema: kitufe kingine kikibonyezwa wakati cha kwanza kiko chini, basi cha kwanza kimeshikiliwa. Kwa Caps Lock ni sawa kabisa, kwa sababu hakuna neno lenye Caps Lock ndani yake. Kwa herufi ni balaa. Tumeshaona k na w. Katika mpangilio ule ule A inakuwa kitufe cha Super, na Super+L inafunga skrini, GNOME na KDE zote mbili. Sasa fikiria mtu anayesimulia jambo lililopita: alisema, alifika, alikwenda, aliona. Karibu kila kitenzi cha nafsi ya tatu umoja cha wakati uliopita kinaanza na a ikifuatwa na l, na skrini inataka nywila.

Wataalamu wa mpangilio huu wana kinga wanayoiamini, nayo ni kanuni ya mikono miwili: kitufe kihesabiwe kimeshikiliwa ikiwa tu kinachofuata kiko mkono wa pili. Inasaidia sana kwa Kiingereza. Kwetu inavuja mahali penyewe hasa, maana K iko mkono wa kulia na W wa kushoto, A iko kushoto na L kulia. Isitoshe A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili, na silabi zetu zinapishanisha konsonanti na irabu mfululizo, hivyo vidole vinapokezana haraka na kupandana. Mtu aliyeandika programu kwa mpangilio huu miaka na miaka anaweza kushindwa kuandika barua moja ya Kiswahili nao.

Nafuu ya kwanza ni muda. keyd ina amri ya lettermod, ambayo unaipa namba mbili za milisekunde, tuseme 150 na 200. Namba ya kwanza inasema: kitufe hiki kikija ndani ya milisekunde 150 tangu kitufe kilichotangulia, mtu yuko katikati ya kuandika, kwa hiyo ni herufi bila mjadala. Nafasi kati ya maneno nayo ni kitufe, hivyo hata k ya mwanzo wa neno inalindwa mradi hukusita. Ukisita ukatafuta neno, kisha ukaandika kwa haraka, ulinzi huo haupo.

Nafuu ya pili ni bora, na inapatikana kwenye kanata. Programu hii imeandikwa kwa Rust, ikichukua wazo kutoka KMonad iliyoandikwa kwa Haskell, na zote mbili zina lugha ya mipangilio yenye mabano mengi inayotisha mwanzoni. Lakini kanata inakuruhusu kuitajia kitufe orodha ya herufi ambazo zikikifuata, chenyewe kihesabiwe kimegongwa, mradi muda wa kuhesabiwa kimeshikiliwa haujatimia:

(tap-hold-release-keys 200 200 k rctl (w))

Yaani K ni k ikigongwa, Ctrl ya kulia ikishikiliwa, na W ikiingia wakati uamuzi haujafanyika, ni k. Kwa A unaorodhesha l, n na nyingine zinazokusumbua. Gharama yake ni kwamba Ctrl+W huipati kwa haraka kutoka kwenye K, bali kwa Ctrl ya mkono wa kushoto, na hilo ni dogo. Mtu anayeng'ang'ania herufi za mstari wa katikati huku akiandika Kiswahili siku nzima, kwangu jibu lake ni kanata. Kwa wengine wote ushauri wangu ni kuziacha herufi ziwe herufi. Caps Lock ikiwa Ctrl na Esc, na Alt ya kulia ikifungua tabaka la mishale na namba, inatoa sehemu kubwa ya faida bila neno hata moja kuharibika. Angalia tu kwamba ukiitwaa Alt ya kulia, mwenye mpangilio wa AltGr wa kuandika é amepoteza njia yake, kwa hiyo yeye atafute kitufe kingine.

kanata ina sifa nyingine inayoweza kukuamulia: inakimbia pia kwenye Windows na macOS. Anayetumia Linux nyumbani na Windows kazini anabeba faili moja. Nayo ina mchanganyiko wa dharura, Ctrl ya kushoto, Space na Escape, unaosomwa kwenye vitufe vyenyewe hata kama umevibadili. KMonad ni ya heshima na ndiyo iliyofungua njia, ila kwa anayeanza leo sioni sababu ya kuitanguliza.

xremap ni ya haja moja mahususi: kitufe kifanye hili kwenye kivinjari na lile kwenye terminali. Wafasiri wanaoishi kati ya programu tatu wanaipenda kwa hilo. Ugumu ni kwamba Wayland haimwambii mtu yeyote dirisha lipi liko mbele. Anayejua ni msimamizi wa madirisha peke yake. Kwa hiyo kwenye GNOME xremap inahitaji kiendelezi cha ziada, na viendelezi vya GNOME vina tabia ya kuvunjika toleo jipya linapotoka. Kama huwezi kuvumilia asubuhi moja ya kibodi isiyo ya kawaida kila baada ya sasisho kubwa, usiifunge. input-remapper inampa mtu dirisha la kubofya badala ya faili ya kuandika, inashughulikia pia kipanya na vidhibiti vya michezo, na kwa mwenye kipanya cha vitufe vingi ndiyo inayofaa. Interception Tools ni vipande vidogo unavyoviunganisha mwenyewe, na anayeifaidi huwa tayari anajua kwa nini anaitaka.

Kama kibodi yako ni ya nje na inakubali programu ya ndani kama QMK au ZMK, sahau haya yote. Mpangilio unawekwa ndani ya kibodi yenyewe, kompyuta haiendeshi chochote, na unaenda nao popote unapoichomeka. Mwenye laptopu na kibodi yake ya ndani hana bahati hiyo, isipokuwa kwa mifano michache sana.

Nataka kusema neno kuhusu wanaobadili vitufe kwa sababu ya mwili: maumivu ya kifundo cha mkono, kidole kilichokatika, kuandika kwa mkono mmoja. Kwao jambo hili ni kazi na kipato. Waanze na vitufe vinavyonata, vilivyomo ndani ya mipangilio ya ufikivu ya GNOME na KDE: unagonga Shift, unaiachia, kisha unagonga herufi. Visipotosha, keyd ina oneshot, ambapo mstari mmoja, shift = oneshot(shift), unafanya hivyo hivyo kila mahali, hata kabla hujaingia kwenye akaunti yako. Na wanaosimamia kompyuta za maofisi na maktaba wasiwakatalie watu hawa haki ya kuwekewa mpangilio huo kwa kisingizio kwamba mashine zote ziwe sawa.

Maana inawezekana kuuweka bila kumsumbua mwingine. Pale ambapo nyota ya [ids] inakamata kibodi zote, unaweza kuandika namba ya kibodi moja tu, ile inayoonyeshwa na keyd monitor, ya mtengenezaji na ya kifaa, zikitenganishwa kwa nukta mbili. Huduma inaendelea kukimbia, lakini kibodi ya ndani ya kompyuta inabaki ilivyo. Anayehitaji anachomeka kibodi yake ya USB na kupata vitufe vyake. Akiichomoa, anayefuata kwenye kiti anakuta Caps Lock ni Caps Lock.